Sahani ya Mjomba Belarmino

Lemuy, Chiloé
9 Agosti 2004

Mjomba Belarmino,

Shikamoo. Huku tuko salama, ila mvua imetuandama tangu Juni na nguo hazikauki mpaka uzitundike juu ya jiko. Mwanangu Mireya ameota tena meno ya mbele na siku hizi anamchekea kila mtu ili yaonekane. Segundo bado yuko kwenye mashamba ya kome, jioni anarudi ananuka bahari, lakini mume ni mume. Kaburi la mama tumelisafisha na uzio wake tumeupaka rangi.

Duka linakwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Lile banda la kando ya barabara ya kivuko, ulimokuwa ukiweka jembe la ng'ombe, sasa lina friji mbili, mizani mpya na mashine inayofyonza hewa kwenye mfuko kisha inabandika lebo. Tunauza kondoo na nguruwe wetu, mayai, jibini, vitunguu saumu na viazi vya rangi zote. Vingine ni vya majirani, wananiachia niwauzie. Wanaoshuka kwenye kivuko wanapenda kujua mnyama alikula nini. Nawaambia ukweli: majani ya konde la juu, viazi, matofaa yaliyoanguka, mwani wa pwani. Wanafurahi kana kwamba nimewaambia habari za ukoo wao. Mkahawa mmoja wa Castro ulichukua nusu ya nguruwe tuliyemchinja Julai na unataka zaidi. Hata majirani wameanza kununua kwetu. Bi Etelvina alikuja mwenyewe akalipa taslimu, na Mzee Abelardo akafuata.

Sasa lililonikalisha kuandika. Kuna bwana wa Santiago anayenunua viwanja ili ajenge nyumba za likizo. Alisimama dukani, akanunua mayai, akasema konde la juu linatazama bahari vizuri na kwamba ameshawasiliana na mwenyewe. Mwenyewe ni wewe, mjomba, ni fungu lako la urithi. Unajua kondoo wote wanakula pale, na viazi tunapanda pale pale. Konde likiondoka sina duka, nina banda tu. Je, umempa neno lolote?

Nijibu kwa barua. Simu haifiki uliko, na ujumbe wa redio unasikiwa na kisiwa kizima.

Mpwa wako,
Herminda


Timaukel, Tierra del Fuego
2 Oktoba 2004

Mpwa wangu Herminda,

Marahaba. Barua yako ililala kijijini mpaka lori la mahitaji lilipoweza kupita kwenye theluji. Mimi mzima. Kondoo wameanza kuzaa na mbweha wamepata habari kabla yetu. Mbwa wangu amezeeka, siku hizi anachunga akiwa amekaa, lakini kondoo bado wanamheshimu kwa sababu ya jina alilojijengea zamani. Mpe Mireya hongera ya meno, mwambie mjomba anayo machache kuliko yeye.

Nimesoma habari za duka mara mbili. Kwa hiyo mtu anatoka Santiago mpaka Lemuy ili aambiwe kwamba kondoo amekula majani? Na sisi siku zote tuliwalisha nini, misumari? Nisingekuwa mjinga ningefungua duka hilo miaka thelathini iliyopita, badala ya kuja huku kukata manyoya ya kondoo wa watu. Hongera, mama yako angefurahi. Angekusema pia kwamba umebadilisha banda bila kuuliza, lakini angefurahi.

Jambo moja sijalielewa. Umesema Etelvina alinunua nguruwe kwako. Etelvina ana nguruwe wake, tena wanene kuliko wenu. Anunue wa nini? Umeandika habari za friji, mizani na mkahawa, lakini hukuandika sahani zilikwenda nyumba zipi mlipochinja. Mama yako alikuwa akinitajia moja moja. Ndiyo sehemu ya barua niliyokuwa nikiipenda.

Wino unaganda. Nisalimie Segundo.

Mjomba wako,
Belarmino


Lemuy
14 Novemba 2004

Mjomba,

Shikamoo. Tumepanda viazi vyote, na mvua imetupa nafasi ya kupumua. Jogoo wa Mireya amekufa, tumemzika kwa heshima zote kwa sababu alikataa aliwe. Segundo amenunua buti mpya.

Umeuliza yoco, mafungu ya majirani ya siku ya kuchinja. Majirani wote walipelekewa fungu lao, hakuna nyumba niliyoiruka. Ilikuwa nyama nzuri, safi, imefungwa vizuri kabisa. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi juu ya hilo.

Biashara si mbaya. Mayai yamepungua kidogo kwa sababu majirani hawaleti kama zamani, nadhani kuku wao hawatagi. Mzee Abelardo naye alichelewa kuleta ng'ombe wa kulimia, tukalima kwa majembe ya mkono.

Mjomba, nimeuliza swali moja, ukanijibu habari za mbwa. Yule bwana amepita tena na mtu mwenye kamba ya kupimia. Walisimama mlangoni mwa konde, hawakuingia, lakini walinyoosha vidole kila upande. Nilishindwa kula siku ile. Umempa neno au hujampa?

Herminda


Timaukel
25 Januari 2005

Mpwa wangu,

Nimechelewa kwa sababu ya msimu wa manyoya. Wakataji walikuwa wengi, wengine wametoka Quinchao na mmoja Chonchi, na wote wanakula kama mbwa mwitu. Nasema hivyo kwa sababu msimu huu nimewekwa jikoni. Ni kazi ya kupumzika. Namenya viazi, nakoroga sufuria, nasikiliza watu wakidanganyana.

Pole kwa jogoo. Mireya amefanya vizuri.

Haya. Yule bwana aliniandikia, nami nikamwandikia. Sijatia sahihi. Ameniletea karatasi, ziko chini ya godoro. Usinune kabla hujamaliza kusoma. Mimi si kijana, Herminda. Wenye kituo hiki cha kondoo hawafugi wazee. Kwa pesa za konde ningepata chumba Punta Arenas karibu na hospitali, chenye choo ndani na hita ya gesi. Nirudi Lemuy kufanya nini? Mama yako ndiye aliyepafanya pawe nyumbani kwangu, naye hayupo. Waliobaki hawajui hata kama naishi.

Sahihi nitaitia au sitaitia baada ya majira ya matofaa. Nimemwambia hivyo na wewe nakuambia hivyo.

Lakini nijibu na wewe bila kuzungukazunguka. Umeandika nyama ilifungwa vizuri. Tangu lini yoco inafungwa? Na Abelardo hajawahi kuchelewesha ng'ombe wake kwenye nyumba ile tangu nina meno. Mwezi Machi mtavuna viazi. Ujima ukipita, niandikie majina ya waliokuja, wote.

Belarmino


Lemuy
3 Aprili 2005

Mjomba,

Shikamoo. Mireya hajambo, anasoma kwa sauti kila kibao anachokiona. Segundo amekatwa mshahara wa siku kadhaa kwa sababu yangu, utaona mbele.

Umeomba majina. Hakuna hata moja la kuandika. Nilipita kila nyumba kuomba ujima kama mama alivyokuwa akifanya. Nilichinja kondoo, nikapika sufuria mbili, nikaandaa chicha, ile pombe yetu ya matofaa. Hakuna aliyekataa. Huyu mgongo unamsumbua, yule ana mgeni kutoka Ancud. Mzee Abelardo akasema ng'ombe wake wanachechemea, wote wawili, siku moja. Asubuhi ile tukawa mimi, Segundo na Mireya, na chakula cha kijiji kizima. Tulichimba mpaka mvua ikatushinda. Viazi vya upande wa chini vimeozea ardhini. Kapu la viazi dukani liko tupu na wageni wananiuliza kama nimefunga.

Nimekuficha jambo na nimechoka kuficha. Julai, siku ya kuchinja, ndiyo siku mkahawa ulitaka nyama yake. Ilikuwa mara ya kwanza bila mama. Nilikuwa nakata, napima, nafunga, hata kichwa hakikuwa changu. Mafungu ya majirani niliyakata vizuri, wala sikuwabania. Kisha nikayatia kwenye mifuko kama mengine yote, mashine ikafyonza hewa na kubandika lebo: jina la duka, uzito, bei. Nikabeba kikapu, nikapita nyumba hadi nyumba. Walipokea, wakashukuru kwa sauti ndogo. Nilidhani ni baridi.

Kesho yake Bi Etelvina akaingia dukani amevaa koti la kanisani.

"Nimekuja kulipa," akasema.

"Bi Etelvina, ile si ya kulipa. Ni yoco."

"Imeandikwa bei."

"Ni mashine tu hiyo, inabandika yenyewe."

"Basi ina akili kuliko aliyeinunua." Akaweka pesa kwenye kaunta, akaongeza, "Na mwingine hukumkumbuka kabisa." Sikuelewa. Akatoka.

Duka lilikuwa na wageni wa kivuko. Niliona aibu kumkimbilia barabarani, nikazitia pesa kwenye droo. Mchana Mzee Abelardo akaja, akauliza kama Etelvina ameshalipa. Nikasema ndiyo. Naye akatoa zake. Mpaka Jumapili walikuwa wamelipa wote, mjomba, na mimi nimepokea kwa wote. Ndiyo hao niliokuandikia kwa furaha kwamba wameanza kununua.

Tangu siku ile wananisalimia vizuri sana. Wananiita mama mwenye duka. Hawaleti mayai, hawaleti vitunguu saumu, hawaombi jembe. Nikipita wanasogea kunipisha njia.

Kwa hiyo konde fanya utakavyo. Sina haki ya kukuandama. Bila mikono ya watu siwezi kulima pale, na duka la kuuza mayai yangu mwenyewe halifiki Krismasi. Nakuandikia haya nikiwa na hasira, lakini kesho asubuhi yatakuwa yale yale.

Halafu wewe. Tangu lini Belarmino Nauto anamenya viazi jikoni wakati wa manyoya? Una nini?

Herminda


Timaukel
8 Mei 2005

Mpwa wangu Herminda,

Nilicheka kwanza, nakuomba radhi. Nilipofika kwenye ng'ombe wawili wa Abelardo kuchechemea siku moja nilicheka mpaka mpishi akaja kuniangalia. Kisha nilikasirika. Umekwenda kwa Etelvina, mtu aliyeshika mguu wa mama yako ulipokuwa unazaliwa, ukamkabidhi bei. Hakuna anayepeleka yoco kwa sababu jirani hana nyama. Nyama kila mtu anayo. Inapelekwa ili sahani yako ikae kwake mpaka achinje yeye, na kwa sababu sahani yako iko kwake atakuja kwenye viazi vyako, na utakwenda kwenye vyake. Wewe ukapeleka mfuko. Mfuko haurudi. Wakalipa ili wasiwe na kitu chako ndani ya nyumba. Mimi pia ningelipa.

Sasa zamu yangu. Septemba farasi aliniangusha kwenye barafu. Nyonga haikupona vizuri. Sipandi farasi tena, natembea na fimbo, na wenye kituo wameniambia kwa upole kwamba baada ya baridi hii wataleta mtu mwingine. Ndiyo maana ya jikoni, na ndiyo maana ya karatasi zilizo chini ya godoro. Sikutaka uanze kunihurumia, una kazi zako.

Lingine ni hili. Kila mlipochinja, mama yako alikuwa akiweka sahani yangu mezani. Ile yenye ukingo wa buluu.

Unadhani ilikuwa inakwenda wapi? Ilikwenda kwa Etelvina. Nilimwambia Etelvina naenda kusini msimu mmoja wa manyoya, narudi na pesa ya harusi. Unajua nilibaki huku, na unajua aliolewa na marehemu Cárcamo na alifanya vizuri. Mwaka wa kwanza mama yako hakuniuliza. Alichukua sahani yangu, akampelekea, akamwambia, "Hii ya Belarmino, yuko hai." Hivyo tu. Akawa anafanya hivyo kila mwaka, Cárcamo akiwepo na asipokuwepo, naye Cárcamo hakuwahi kusema kitu ila mara moja aliposema chumvi ni ndogo. Etelvina alikuwa akiirudisha wakichinja wao, imejaa, na mama yako alikuwa akiila kwa niaba yangu na kunieleza ilikuwa na nini.

Julai hakukuwa na sahani yangu. Etelvina amekaa karibu mwaka mzima akidhani nimekufa, au nimeuza na kujitoa. Yule mwingine ambaye hukumkumbuka ni mimi.

Chinja nguruwe mmoja. Zima hiyo mashine, na mizani uifunike kitambaa ili usishawishike. Mengine unayajua, umeyaona tangu utotoni. Wakikataa, niandikie, nami nitatia sahihi na tutagawana pesa. Wakipokea, niandikie pia.

Belarmino


Lemuy
27 Juni 2005

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya nyonga. Segundo anasema kuna mzee Puqueldón anayekanda viungo, lakini mgonjwa lazima aletwe. Mireya anauliza fimbo yako ina kichwa cha nini.

Mkahawa niliwaambia wiki hii hakuna nyama. Hawakupenda. Tulichinja Jumatano. Mizani niliifunika kwa shuka. Nilikaanga nyama kwenye mafuta yake, nikatengeneza soseji za damu, nikakanda milcao, mikate ya viazi vile vilivyosalimika. Nilipanga sahani za mama mezani, na zilipopungua nikatumia za sikukuu. Yako yenye ukingo wa buluu sikuiona popote, nikakutengenezea kwenye nyeupe.

Pesa zao niliziweka kando. Kila mlango nilianza nazo, nikasema, "Hizi zako, nilikosea kuzipokea," ndipo nikatoa sahani. Mzee Abelardo alizitazama pesa, akasema atazichukua kwa ajili ya dawa ya ng'ombe wake, ambao alikuwa amesahau wanaumwa nini. Mkewe akachukua sahani. Nyumba ya akina Millalonco walipokea pesa, sahani wakanirudishia papo hapo, wakasema wanafunga. Hawafungi. Nimekubali, nitarudi mwakani.

Kwa Bi Etelvina nilikwenda mwisho, na sahani mbili. Ya kwanza aliipokea. Ya pili akaiangalia.

"Hii ya nani?"

"Ya mjomba Belarmino. Yuko hai."

Alikaa kwenye kiti cha karibu na jiko. Nilibaki nimesimama na sahani yako mkononi, mjomba.

"Anaumwa?" akauliza.

"Nyonga. Farasi alimwangusha."

"Hakuwahi kujua kupanda farasi. Na konde lake?"

"Bado lake. Anafikiria kuliuza."

"Anafikiria," akasema. "Huyo amefikiria miaka thelathini." Akanyanyuka, akafungua kabati, akatoa sahani ya ukingo wa buluu. Imekaa kwake tangu baridi ya mwisho ya mama, mwaka ambao yeye hakuchinja. "Nilichinja Agosti iliyopita. Niliijaza. Nikakaa nayo hapa, kwa sababu hukuniletea fungu lake, nikajiuliza nampelekea nani. Mwisho nikawapa mbwa." Akaipangusa kwa aproni ingawa ilikuwa safi. Nilidhani atanirudishia. Akamimina nyama kutoka kwenye ile nyeupe na kuitia kwenye ya buluu, nyeupe akanipa, ya buluu akaiweka mezani kwake. "Mwambie chumvi imezidi."

Nililia njiani, nakuambia wazi, na haikuwa mvua.

Jana vitunguu saumu vilikuwa mlangoni mwa duka, misuko mitatu, bila jina. Mkewe Abelardo ameleta mayai na kulalamika kwamba nayauza rahisi mno. Mashine nimeiwasha tena kwa ajili ya wageni wa kivuko, ila iko upande wa dukani na meza ya mama iko upande wa jikoni. Mkahawa umerudi, umenuna lakini umerudi. Nguruwe wa pili tutamchinja mwisho wa Agosti.

Wamepokea, mjomba, isipokuwa mmoja. Umesema nikuandikie, nimekuandikia. Chumba cha Lemuy hakina hita ya gesi, na choo bado kiko nje. Mengine ni yako.

Herminda


Timaukel
21 Julai 2005

Mpwa wangu Herminda,

Barua fupi, lori linaondoka. Karatasi za yule bwana nimewashia moto jikoni, zinawaka vizuri, ni karatasi nene. Nimemwandikia kwamba konde lina kondoo.

Narudi huko, napanda meli pale Natales wiki ya tatu ya Agosti na mbwa wangu, akikubaliwa. Akikataliwa tutasubiri nyingine. Mwambie Segundo atengeneze ngazi ya choo, sipandi vizuri. Mwambie Mireya fimbo haina kichwa cha kitu, atanichongea yeye.

Mkichinja kabla sijafika msinisubiri. Mezani msiniwekee kitu. Sahani yangu mpelekee Etelvina kama kawaida, nitaikuta huko.

Mjomba wako,
Belarmino